Sura ya Mgeni Rasmi

Kaka yangu si mtu wa maneno mengi. Asubuhi ile alisimama mlangoni pa chumba changu cha uani, hapa Soweto ya Mbeya, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akazitazama picha zangu zilizoegemea ukutani. Kisha akasema, "Hili tamasha la Iringa ndilo la mwisho. Ukirudi hujapata mteja wala kazi, naweka viazi humu."

"Nitapata," nikasema.

"Ulipokwenda Songea ulisema hivyo hivyo."

Na ni kweli. Nyumba ni yake, ameijenga kwa biashara ya viazi, na miaka yote hiyo alikuwa akikodi stoo ya watu huku mdogo wake amekalia chumba kizuri akipaka rangi. Ningekuwa yeye, hata mimi ningechoka. Lakini sina pengine. Nikitolewa mle sina dirisha, sina ukuta, sina pa kuanika picha mbichi, ndiyo basi tena, nikamsaidie kushona magunia. Zamani kilikuwa jiko la mama yetu. Moshi wa kuni umeacha weusi darini ambao hakuna rangi iliyowahi kuufuta, na dirisha lake linaingiza mwanga ambao sijauona kwenye nyumba nyingine yoyote Mbeya hii.

Watu hudhani shida ya mchoraji ni kuchora. Thubutu! Shida ni kujua uende wapi. Siku hizi matangazo ya matamasha yanamiminika kwenye simu: tamasha la utamaduni, maonyesho ya kazi za mikono, wiki ya sijui nini, na kila moja limeandikwa "fursa kwa wasanii". Unafunga picha zako, unapanda basi, unafika unakuta jukwaa, maspika makubwa kama makabati, na mtu anatangaza sabuni. Njombe walinipanga upande wa upepo, nikashukuru kwamba nimepewa nafasi kubwa, kumbe picha zangu ndizo zilizokuwa zikikinga jiko la mama ntilie. Songea nilikaa kati ya mng'oa meno na muuza dawa ya panya. Watu walijaa mbele yangu siku nzima, nikafurahi mpaka nikagundua wanasubiri zamu ya jino.

Kwa hiyo nikajifunza kuhoji. Nauliza kwanza kama kuna ukuta. Tamasha lenye ukuta ni tamasha, lenye hema ni gulio tu. Nauliza kama walioonyesha mwaka jana wanarudi. Halafu kuna swali ambalo mtu asiyezizoea sherehe zetu hawezi kuliwaza: mgeni rasmi atatembelea mabanda kabla ya hotuba au baada? Akitembelea kabla, kuna matumaini, kwa sababu umati unamfuata, akisimama wanasimama, akinunua wananunua. Baada ya hotuba kila mtu anawaza soda na pilau, hata ukichora malaika hakuna wa kugeuka.

Iringa walijibu yote vizuri. Ukumbi wa matofali, ukuta mweupe, mabanda kabla ya hotuba. Katibu wa kamati, ambaye nilikuwa nikiongea naye kwa simu tu, alikuwa na sauti ya mtu aliyeshiba. Wiki ile ile ya tamasha akanipigia tena.

"Dada yangu, kamati imekaa. Tunataka umchore mgeni rasmi. Picha kubwa, hata aliye nyuma kabisa aione. Tutamkabidhi mbele ya watu, halafu mimi mwenyewe namleta kwenye ukuta wako. Mwenyewe! Wewe kaa tayari kupokea oda."

Hakuna asiyejua hili jambo. Mgeni rasmi haondoki mikono mitupu. Atapewa mbuzi, atavishwa mgolole, na kama kuna mchoraji karibu, atapewa sura yake mwenyewe. Nimewaona vigogo wakipokea sura zao, nyuso zinalainika kama mtoto aliyeonyeshwa kioo. Nikajiambia, akija kwenye ukuta wangu amelainika namna ile, anaweza kuagiza picha za ofisi nzima. Oda moja tu ya ofisi, na viazi vibaki hukohuko kwenye stoo ya watu.

Tatizo likawa kitambaa. Mimi natumia amerikani. Naivuta juu ya fremu ya mbao, naipaka gundi, naipaka nyeupe, naiacha ikauke mpaka ikipigwa kidole ilie. Na ilikuwa Julai. Jamani, Julai ya Mbeya haikaushi hata soksi! Nilitega fremu mpya karibu na jiko la mkaa, kitambaa kikajikunja kama sikio la mbwa. Nikaitoa nje niianike juani, ukungu ukashuka mchana kutwa. Siku zilikuwa zinakwisha, na chumbani kulikuwa na kitambaa kimoja tu kikubwa, kikavu, kilichonyooka. Kilikuwa na picha ya mama.

Nilimchora baada ya matanga yake, ameketi kwenye kigoda humo humo jikoni kwake, ungo mapajani, anachambua maharage. Sikuwahi kuipeleka kwenye tamasha lolote. Kaka akiingia alikuwa anaitupia jicho na kusema, "Pua siyo yake." Kila akiingia, "Pua siyo yake." Nikajua haipendi.

Nilisimama mbele ya picha ile na brashi pana mkononi. Nikasema kwa sauti, "Mama, nisaidie nibaki humu." Kisha nikaanza kupaka nyeupe, nikaanzia kwenye maharage, nikamalizia usoni. Nililia, sifichi, nililia mpaka kamasi. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi siku ile nilikuwa nimezama hadi shingoni. Rangi ilipokauka nikamchora mheshimiwa kutoka kwenye picha aliyonirushia katibu, na kwa uchungu ule ule akatoka vizuri kupita kiasi. Macho yalikuwa yanakufuata kila pembe ya chumba.

Kutoka Ipogolo, basi liliponishusha, kupanda mjini Iringa nilichukua bajaji, nimeikumbatia picha iliyofunikwa shuka, nasali njia nzima. Ukuta ulikuwepo kweli, mweupe kama nilivyoahidiwa. Jirani yangu alikuwa mama mtu mzima wa hapo hapo, anasuka vikapu vya nyasi za milulu. "Kamwene," akanisalimu, nami nikaitikia kwa Kihehe changu cha kuokoteza. Akafunua pembe ya shuka bila kuomba ruhusa.

"Ee! Umemchora na hajafika?"

"Ndiye mgeni rasmi, mama."

"Mwanangu, mgeni rasmi ni yule aliyekwisha kukaa kwenye kiti."

Akaendelea kupanga vikapu vyake. Nilimchukia kidogo.

Tulimsubiri tangu asubuhi. Vikundi vya ngoma vikacheza, vikapumzika, vikacheza tena. Mshereheshaji alitangaza "yupo njiani, ndugu zangu, yupo njiani" mara nyingi hata watoto wakaanza kumwigiza. Mimi sikutoka kwenye ukuta wangu hata kwenda kunywa chai, nisije nikakutwa sipo. Hatimaye gari likaingia, vigelegele vikapigwa, nikaivua picha shuka na kuisimamisha mbele yangu.

Akashuka mtu mwembamba mwenye miwani, ambaye sikuwahi kumwona. Mshereheshaji akasogea, wakanong'onezana, kisha sauti ikatoka kwenye spika: mheshimiwa amepata dharura, amemtuma mwakilishi wake, tumpokee kwa makofi.

Makofi yakapigwa. Katibu akaja kwangu mbio, jasho linamtoka.

"Dada, funika! Funika haraka!"

"Kwa nini? Si apewe ampelekee bosi wake?"

"Huyu naye ni mkubwa, dada. Unampaje mtu sura ya mwingine mbele ya watu? Atajisikiaje? Kaa nayo kwanza, tutakupigia." Akageuka kwa jirani yangu, akanyakua kikapu kikubwa kuliko vyote. "Mama, hiki kwa niaba ya kamati." Akatoweka nacho.

Yule mama akakitazama kikapu chake kikienda. "Kikapu hakina sura," akasema. "Kinamfaa yeyote."

Mabanda hayakutembelewa. Mwakilishi alikuwa na shughuli nyingine mbele, wakampeleka moja kwa moja kwenye hotuba, akasoma, akapokea kikapu, akaanza kurudi kwenye gari. Nilipoona mlango wa gari unafunguliwa, nikasahau haya zote. Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, nimejifunga kitenge, nakimbia uwanjani mbele ya kadamnasi.

"Mheshimiwa, naomba dakika moja tu! Ukuta wangu uko pale. Sikuombi ununue. Njoo tu usimame, watu wakuone umesimama."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hongera sana, dada. Endelea hivyo hivyo." Mlango ukafungwa.

Nikarudi ukutani. Muziki ulifunguliwa, umati ukahamia jukwaani, na waliokuja kwangu mpaka jioni walikuwa wanafunzi wa chuo waliotaka kupiga selfi na mheshimiwa. Picha zangu nyingine hakuna aliyeuliza hata jina. Yule mama wa vikapu alinipa kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, kutoka kwenye kidumu chake, akasema kunywa, nikanywa.

Kesho yake kondakta wa basi akakataa katakata kuiweka picha kwenye buti. "Mheshimiwa alale na kuku? Wee! Nifukuzwe kazi?" Akamtafutia kiti cha mbele, akamfunga mkanda. Abiria walicheka mpaka Mafinga. Mimi nilijifunika mtandio, nikajifanya nimelala, na baridi ya Makambako ikanikuta bado nalia.

Uani kwetu magunia yalikuwa yamekwisha kushushwa. Kaka alinitazama usoni. "Pole," akasema. Tukaanza kutoa picha. Alizibeba kwa kushika fremu tu, asiguse rangi, sijui alijifunzia wapi. Chumba kilipobaki kitupu akapangusa ukuta wa kwenye dirisha kwa kiganja.

"Ya mama haitoki," akasema. "Nimeiwekea ukuta huu. Viazi vitakaa upande ule." Akatazama huku na huku. "Iko wapi? Usiniambie umeiuza Iringa."

"Wewe si ulikuwa unasema pua siyo yake?"

"Ulikuwa utani tu! Pua uliyompa ni yangu mimi. Unadhani kila siku nilikuwa naingia humu kufuata nini?"

Nikamwonyesha mheshimiwa, aliyekuwa ameegemea mlango anatutazama. "Yumo humo," nikasema. "Chini yake. Sikuwa na kitambaa kingine."

Hakuelewa mara moja. Akaisogelea picha, akachuchumaa, akapitisha kidole pembeni, pale kitambaa kinapojikunja juu ya fremu, mahali ambapo brashi yangu haikufika vizuri. Kulikuwa na kidoa cha rangi nyekundu.

"Hili ni harage," akasema.

Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige hata kofi, nipate la kulilia. Aliinuka tu, akaenda kuchukua nyundo na msumari, akamtundika mheshimiwa kwenye ukuta ule ule.

Sasa viazi vimefika usawa wa dirisha, na mimi nashona magunia uani. Katibu hajapiga simu. Wanunuzi wakiingia kupima mzigo wanamkuta mheshimiwa juu ya viazi, macho yanawafuata, wanavua kofia bila kujua kwa nini. Wanamuuliza kaka, "Huyu ni nani wenu?"

Namsikia anavyojibu, kila mara, bila kucheka. "Mama yetu," anasema, na anaendelea kupima.