Goli la Salvatory na Tundu la Wavu

Kuna watu waliozaliwa kulima, kuna waliozaliwa kuimba kwaya, na kuna Salvatory, aliyezaliwa ili afunge goli moja. Alilifunga mwaka 1988 akiwa na miaka ishirini na mitano, na tangu siku hiyo hakuona sababu ya kufunga jingine. Kahawa amelima, watoto watano amesomesha, misa ya kwanza hakosi. Lakini ukimuuliza mtu wa Mbinga mjini Salvatory ni nani, hatakutajia kahawa wala watoto. Atakwambia ni yule mzee mwenye goli lake.

Goli lenyewe lilifungwa pale uwanja wa zamani, ambao watu wanauita Mteremko kwa sababu ndivyo ulivyo. Milima ya kwetu haina adabu ya kukaa bapa hata kwa ajili ya mpira. Upande wa kusini uko juu, wa kaskazini uko chini, na timu inayoshambulia kaskazini inasaidiwa na Mwenyezi Mungu. Salvatory alikuwa anashambulia kaskazini. Ukimkumbusha hilo anageuka kiziwi palepale.

Ilikuwa fainali ya wilaya. Siku hizo milimani na ziwani ni wilaya moja, wilaya ya Nyasa haijakatwa bado, na timu ya mjini ilikutana na timu ya Mbamba Bay. Dakika ya themanini na nane, hakuna aliyemfunga mwenzake, Salvatory akapiga, mpira ukatulia wavuni, kombe likabaki milimani. Miaka ya mwanzo, kwa maelezo yake mwenyewe, alipiga akiwa karibu na boksi. Kufikia mwaka 2000 alikuwa amerudi nyuma hadi mita thelathini. Siku hizi amefika katikati ya uwanja, na wajukuu wake wanasema wakimwacha miaka mitano mingine atakuwa amelifunga akiwa Maguu, nje kabisa ya mji.

Aliyeteseka zaidi na goli hilo si kipa, ni Restituta, mke wa Salvatory. Amelisikia asubuhi kwenye uji na jioni kwenye ugali. Restituta ni mama wa maneno machache. Anauza parachichi, ndizi na usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, kando ya barabara, mahali yanaposhushia mabasi yanayotoka ziwani, kwa kuwa stendi iliyopo imejaa na haina pa kugeuzia. Mvua ikinyesha, yeye na wenzake wanajifunika nailoni. Lori la makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka likipita kwenye dimbwi, beseni la usipa linapata mchuzi ambao halikuuomba. Kwa hiyo iliposikika kwamba halmashauri inafikiria kuugeuza uwanja wa Mteremko kuwa stendi ya kisasa yenye soko na paa, na uwanja mpya ukajengwe nje ya mji, akina mama wa barabarani walimchagua Restituta awe msemaji wao. Wazee wa mpira nao wakamchagua msemaji wao. Unadhani walimchagua nani?

Basi nyumba ikawa na kambi mbili. Hawakugombana, maana hawa ni watu wazima, lakini chumvi ilianza kuombwa kwa adabu mno. Restituta akisema juu ya matope, Salvatory anajibu kwa goli. Akisema juu ya wasafiri kukaa juani na watoto wachanga, anajibu kwa goli. Siku moja alimuuliza taratibu kama goli lile linaweza kumkinga mtu na mvua. Salvatory akasema kwamba historia nayo ni paa la aina yake. Restituta akainuka kwenda kuosha vyombo.

Jumatano, siku tatu kabla ya mkutano wa hadhara, Restituta akaleta habari mezani. Wauza samaki wa ziwani wanapanda Jumamosi kuja kuunga mkono stendi, na msemaji wao ni Erasmo, yule anayemletea usipa. Ndiyo, Erasmo huyohuyo aliyedaka ile fainali. Akasimulia huku anacheka kwamba kule Mbamba Bay mpaka leo wanamwita Mlango, na kwamba hata mwanawe alinyimwa nafasi ya kudaka shuleni, eti ukoo wao hauna mikono.

Salvatory hakucheka. Alinawa mikono kabla ugali haujaisha.

Sasa hapa lazima lisemwe lile ambalo hakuna aliyelijua isipokuwa watu wawili. Mwaka ule nyavu za Mteremko zilikuwa zimeliwa na panya, na za dukani hazikuwepo, kila kitu kilikuwa adimu. Timu ya ziwani ikaombwa ije na nyavu, wao si ndio wenyewe? Kazi akapewa Erasmo, kijana mvuvi, mwenye sifa ya kushona nyavu kuliko wenzake wote. Alichukua nyavu kuukuu za usipa akaziunganisha. Uzi ukamwishia jioni, likabaki tundu moja ubavuni, jirani na mlingoti. Akasema atalimaliza asubuhi. Asubuhi lori likawahi.

Dakika ya themanini na nane mpira wa Salvatory ulipita nje ya mlingoti kwa kiasi cha kiganja, ukaingia kwenye tundu lile, ukatulia ndani kana kwamba umealikwa. Refa alikuwa bado anateremka kutoka kusini, pumzi imemkatikia. Aliona mpira wavuni, akapuliza. Erasmo alifungua kinywa abishe. Kisha akaona kwamba ili abishe itabidi aonyeshe tundu, mbele ya wavuvi wenzake wote na baba mkwe wake, ambaye ndiye aliyemfundisha kushona. Akafunga kinywa. Salvatory aliyekuja kuuokota mpira ili aubusu aliliona tundu, akainua macho, akakutana na macho ya Erasmo. Hawakusemeshana siku ile, wala hawakuonana tena.

Kwa siku tatu Salvatory hakuwa mtu. Alienda shambani kupogoa mibuni akakata matawi mabichi na kuacha makavu. Aliogopa, na tuseme wazi alichoogopa. Hakuwa akiuogopea uwanja. Erasmo akisimama Jumamosi na kusema neno moja tu, Salvatory atarudi nyumbani akiwa mzee wa kawaida mwenye mibuni mia nne.

Jumamosi watu walijaa kwenye nyasi. Afisa mipango miji, kijana mmoja mpole anayeitwa Urbani, aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka, kisha akatundika ramani kwenye mlingoti wa goli la kaskazini. Akaonyesha mahali pa mabasi, mahali pa mboga, mahali pa samaki. Restituta akazungumza dakika mbili, juu ya mvua, nailoni na mabeseni, na hata baadhi ya wazee wa mpira waliguna kukubali. Salvatory akazungumza dakika arobaini. Mpira ulipigwa, siku hiyo, kutoka mbali sana.

Urbani aliyasikiliza yote kwa heshima, halafu akaja na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema serikali haina nia ya kuifuta historia. Kwa hiyo, kama wananchi wataridhia stendi ijengwe, anapendekeza iitwe Stendi ya Salvatory, na mahali goli lilipoingia wataweka jiwe lenye maandishi. Ni kweli kwamba kwenye ramani mahali hapo pameangukiwa na vyoo vya abiria, lakini jiwe litakaa ukutani, kwa nje.

Wazee wa mpira wakatazamana. Wengine machozi yaliwalengalenga. Salvatory mwenyewe aliinama, akiwa tayari anawasikia makonda alfajiri: Salvatory, Salvatory, siti mbili, twende. Watu wa Songea watakata tiketi za kwenda Salvatory. Jamani, nani angekataa? Hata vyoo havikumsumbua, maana kila msafiri lazima afike huko.

Ila Urbani ni mtu wa karatasi. Akasema kwa ajili ya muhtasari ni vizuri shahidi athibitishe, na bahati njema kipa mwenyewe yupo. Akamwomba mzee Erasmo asimame.

Erasmo alisimama polepole. Alikuwa amekonda, mikono mirefu, shati la kanisani. Alimtazama Salvatory. Kisha akasema, "Lilikuwa goli. Mimi ndiye niliyefungwa."

Makofi yakapigwa. Kule waliposimama vijana wa ziwani mmoja akaita Mlango, wenzake wakaangua kicheko, na Erasmo akakaa chini akijipangusa magoti kama mtu aliyezoea.

Hapo Salvatory alipata kila kitu alichokitaka, na kikamwasha. Alikuwa ameandaa uongo wake kwa ajili ya adui. Hakuuandaa kwa ajili ya mtu anayembebea. Alijiona ni mzee mdogo sana. Akasimama bila kupewa nafasi.

"Halikuwa goli," alisema. "Mpira ulipita nje ya mlingoti ukaingia kwenye tundu la wavu. Niliona kwa macho yangu. Erasmo hakufungwa siku ile, na huyo mwanawe wangempa glavu."

Urbani akabaki na kalamu hewani, hajui aandike nini. Salvatory alimgeukia Erasmo akitegemea, kama mtu yeyote angetegemea, mkono wa shukrani.

Erasmo alikuwa amesimama tena, safari hii haraka, na uso umemwiva kwa hasira.

"Nani amekutuma?" aliuliza. "Ukipa nilicheza miaka mitatu, uvuvi nitakufa nao. Kati ya kuitwa kipa mbovu na kuitwa mshona nyavu mbovu, mimi nilichagua kipa. Miaka thelathini na sita. Leo unakuja kunichagulia upya mbele ya wateja wangu?"

Alaa! Kilichofuata si kicheko, ni mafuriko. Watu wa ziwani walilala kwenye nyasi. Mmoja alitaka kujua usipa aliouziwa jana ulivuliwa kwa wavu upi. Mwingine akadai fainali haijaisha, kombe lirudishwe. Erasmo alijaribu kununa akashindwa. Midomo ilimcheza, mabega yakaanza kutikisika, na mwishowe akacheka mpaka akashikiliwa. Akamwambia Salvatory kwamba yeye ni mpumbavu wa hali ya juu, na akampa mkono. Salvatory aliupokea kwa mikono miwili. Alikuwa na aibu, na alikuwa mwepesi, na hakujua kipi kimezidi.

Pendekezo la jina likaondolewa kimyakimya. Urbani akasema, basi, tupige kura. Akawaomba wanaotaka stendi wanyooshe mikono.

Salvatory alitazama nyasi, mteremko, mlingoti wenye ramani. Alitafuta sababu yake ya kukataa na hakuiona. Kwa miezi yote ile alikuwa amelitetea goli, uwanja ulikuwa mahali pa kuliwekea tu. Akakumbuka beseni la usipa lililojaa maji ya dimbwi, na mkewe akilimwaga bila kusema neno, akianza upya. Mkono wake ukapanda juu, hata yeye akaushangaa. Wazee wenzake walimtazama kama wanavyomtazama mtu aliyehama dhehebu.

Mikono ilikuwa mingi kiasi kwamba Urbani aliacha kuhesabu. Kisha, kwa ajili ya muhtasari, akauliza nani hataki. Wazee saba wakanyoosha. Na katikati ya akina mama wa barabarani, wote wamegeuza shingo kwa mshangao, ukainuka mkono wa nane. Ulikuwa wa Restituta.

Stendi ikapita. Hakuna aliyekuwa na shaka na hilo.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mke mbele na beseni kichwani, mume nyuma. Watoto waliokuwa wakicheza njiani walimwamkia shikamoo babu, hakuna aliyeuliza habari ya goli. Ama habari ilikuwa imewafikia, ama walikuwa na mambo yao. Salvatory alitembea mpaka kwenye kona ya kanisa ndipo akapata ujasiri.

"Mama Beata, wewe si ndiye uliyeitaka stendi?"

"Niliitaka, na nimeipata," Restituta alisema, bila kugeuka. "Goli umeshalitoa mwenyewe. Uwanja nao uchukuliwe siku hiyohiyo, na mkono wangu uwe humo? Hapana, Baba Beata. Mkono wa kukunyang'anya sikuweza kuunyoosha."