Siku Niliyoahidi Stesheni ya Pili

Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka, ingawa sokoni Migori kuna watu ambao wakiniona wanatazama juu ya paa kwanza, ndipo wanisalimie.

Kioski cha chai nilichokuwa nikikiendesha kilikuwa cha shangazi yangu (sisi Wajaluo tunamwita waya), naye alishaniambia wazi kwamba wateja wasipoongezeka atampa msusi kioski hicho. Ng'ambo ya barabara Bwana Twalib alikuwa na hoteli yenye televisheni ya rangi, mimi nina kadogo ka betri ya gari, na kwa vile huku kwetu ilionekana stesheni moja tu, nani angeacha rangi aje kwangu kutazama habari zile zile? Basi nikasikia redioni serikali imeipa leseni stesheni mpya, nikawaza (kichwa changu hiki!) leseni ni kama ile ya kioski, ukiitundika ukutani unauza, nikashika chaki nikaandika mlangoni: HAPA STESHENI MBILI.

Jumamosi watu walijaa, kwa Twalib wakabaki nzi, shangazi akakaa mbele na kitambaa chake cha kanisani, anatabasamu kweli. Nikawasha, nikaitafuta ile ya pili. Chenga tupu.

"Kwani hii stesheni inaitwa Chenga?" akauliza mama mmoja muuza samaki wa Homa Bay.

Nikapanda paani kugeuza antena, waya ukawa umekwama ndani, nikapiga kelele, "Vuteni waya! Kwa nguvu! Leteni nje!"

Vijana wawili watiifu wakamshika shangazi mikono, wakamvuta mpaka barabarani, kitambaa kikabaki kwenye matope.

"Yawa! Nimekosea nani?" akalia shangazi.

"Si huyo, ni wa antena!" nikajibu, na soko zima likaangua kicheko.

Twalib hakucheka. Akasema polepole, "Kijana wangu, hiyo leseni ni ya Nairobi. Huku haifiki." Kisha akamwokotea shangazi kitambaa, akamkaribisha chai, na wateja wangu wote wakafuata nyuma.

Jumatatu msusi akaleta vioo vyake. Shangazi alinisamehe, kioski hakunirudishia, na sikumlaumu. Tangu hapo nikisikia Nairobi wamefunguliwa kitu kizuri, nafurahi nao, lakini siandiki kitu mlangoni kwa mtu mpaka nimekiona kwa macho yangu, hapa hapa Migori.