Fundi Anayelala Chini ya Rafu Zake

Saa mbili kasoro asubuhi, Ndolo Mutie amelala chali kwenye sakafu ya udongo ya karakana yake mjini Mwingi, mikono kifuani, macho wazi. Mbele ya kichwa chake imesimama rafu ya sebuleni inayomzidi mtu kimo. Ikianguka leo, itamfunika hadi miguuni.

“Vuta, mama Awo,” anamwambia mwanamke aliyesimama kando. “Vuta na nguvu zako zote.”

Watu waliosimama mlangoni wameshika midomo. Mmoja, dereva wa lori aliyekuja kuulizia bei ya stuli tu, ameshaanza kurudi nyuma. Mwanamke huyo, Shamis, muuza nguo, anaishika rafu kisha anauondoa mkono haraka kana kwamba ameshika sufuria ya moto.

“Mimi siwezi kumwangushia mtu kitu,” anasema.

Wateja wengi husema hivyo mara ya kwanza. Ndolo, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, ametengeneza rafu zaidi ya mia moja na arobaini tangu mwaka wa 1987, miaka sita sasa, na hakuna hata moja iliyotoka hapa kabla ya mnunuzi kuivuta fundi akiwa amelala chini yake. Asiyevuta hauziwi, ng’o. Wiki nzuri humwachia shilingi mia sita, na angepata zaidi kama baadhi ya wateja hawangetimua mbio.

Mkewe, Kalondu, anasema siku ya kwanza alidhani mumewe amerukwa na akili. “Nilipiga nduru mpaka majirani wakakuja na panga, wakifikiri ni wezi.”

Lakini kwa Shamis kuna jambo zaidi ya woga. Miaka sita iliyopita alinunua rafu kwa fundi huyu huyu.

Enzi hizo Ndolo alikuwa na majivuno ya jogoo. Mafundi wengine waliuza makabati ya mninga yaliyohitaji wanaume wanne. Yeye alitumia mbao nyembamba za saiprasi, akawaambia akina mama kwamba rafu yake wataihamisha wenyewe kila asubuhi wakitaka kufagia. Shamis aliibeba ya kwake kichwani hadi nyumbani, na Ndolo akawaita majirani waje waone.

Siku ya tisa, akiwa anapiga randa, alisikia kilio kutoka nyumba ya tatu. Alikimbia na randa mkononi. Alikuta rafu imelala kifudifudi, vigae vya vikombe vimetapakaa mkekani, na chini yake miguu miwili midogo. Awo, binti wa Shamis aliyekuwa na miaka minne, alikuwa amekwea ubao baada ya ubao kama ngazi akitafuta birika jipya la mama yake.

Jirani mmoja aliinua rafu kwa mkono mmoja. Ndolo anasema hilo ndilo lililomfisha ganzi: kitu chepesi vile, na mtoto hatikisiki.

Awo alivunjika mfupa wa bega, akakaa siku mbili hospitalini bila kufungua macho. Siku ya tatu Shamis alikuja karakanani. Ndolo alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa polisi. Mama yule aliuliza swali moja tu.

“Fundi, uliijaribu kabla ya kuniuzia?”

Hakuwa ameijaribu. Hakuwahi kujaribu hata moja.

Kesho yake alizunguka nyumba zote kumi na moja zilizokuwa na rafu zake. Katika kila nyumba alikuta jambo lile lile. Huku, kitu cha heshima hukaa juu ili mgeni akione na mtoto asikifikie. Kwa hiyo juu kabisa kulikuwa na redio, vikombe vya harusi, sufuria mpya na chupa za chai. Chini kulikuwa na ndala.

“Nilikuwa nimeuzia watu mitego kumi na mmoja,” anasema. “Na wananishukuru.”

Alizirudisha rafu zote karakanani na kuzitengeneza upya bila malipo. Mbuzi wake wawili waliishia kwa muuza mbao. Misumari ya ukutani haikusaidia, maana kuta nyingi hapa ni za udongo na msumari hung’oka na donge lake. Ilibidi rafu isimame yenyewe.

Sasa kitako chake ni kipana kuliko kichwa. Mgongoni amepigilia mbao mbili zilizokatizana, na miguu ya nyuma ni mifupi kidogo ili iegemee ukuta. Kabati la vyombo, lenye kioo na kufuli, limeshuka chini. Chini yake kuna sanduku linalojazwa madebe mawili ya mchanga wa Mto Tyaa. Ukihama, unaumwaga, na rafu inabebeka kichwani kama zamani.

Shamis aliyasikia hayo yote, lakini hakutaka kurudishiwa rafu yake, na kwa miaka sita vyombo vyake vimekaa kwenye katoni. Mwisho wa mwezi huu atapokea wakwe kutoka Garissa, ndiyo sababu amekuja. Na sasa mkono umegoma.

Anayesogea ni Awo. Ana miaka kumi, na kovu limekata unyusi wake wa kulia. Hamwulizi mtu. Anaruka, anaushika ubao wa juu kwa mikono miwili na kuning’inia, miguu ikielea juu ya uso wa fundi. Mlangoni mtu analitaja jina la Mungu. Mbao zinalia kidogo, kisha zinanyamaza.

Kalondu anasema mumewe hajawahi kufumba macho wakati wa jaribio. Leo ameyafumba.

“Mzee, amka tu,” anasema Awo akiwa bado ananing’inia. “Haitingishiki.”

Ndolo haamki upesi. Machozi yanamtiririkia masikioni.

Alhamisi, anasema, ataibeba rafu hiyo mwenyewe, kisha atateka mchanga mtoni. Anaomba jambo moja tu: alale chini yake mara moja zaidi, pale pale mtoto alipoangukiwa, ndipo anywe chai katika nyumba ile.

“Chai utapata, fundi,” anamjibu Shamis. “Lakini utainywa ukiwa umeketi.”