Kidubwasha Chenye Skrubu Zilizolegea

Shangazi yangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Kagua. Hakupewa jina hilo bure. Akinunua ndoo, anaomba maji pale pale dukani, anaijaza, anaiweka sakafuni na kuizunguka akitafuta inapovuja. Akinunua sabuni anainusa, anaikwaruza kwa ukucha, kisha anaguna. Nguo ya mteja haigusi maji mpaka ameiinua dirishani, amepekua mifuko na kuvuta kila kifungo. "Kifungo kilicholegea leo," husema, "kesho kiko kwenye mtaro, na keshokutwa mwenye shati yuko mlangoni kwangu anapayuka." Mimi ninayepiga pasi upande wa pili wa meza nimeyasikia hayo mpaka masikio yameota sugu.

Kwa hiyo asubuhi ile aliposema tunakwenda kununua kicheza muziki, nilijua siku imekwisha hata kabla haijaanza.

Kilikuwa cha Baba. Baba ni kaka yake Shangazi, na kabla ya kiharusi alikuwa fundi saa, mtu wa magurudumu na bisibisi. Ugonjwa ulimpiga upande wa kulia, ukauchukua mkono na nusu ya ulimi. Mkono wa kushoto ulibaki mzima kabisa, ila yeye hautaki. Tangu zamani alikuwa akisema wa kulia ndio fundi, wa kushoto ni wa kushikilia tu. Sasa huyo fundi amekufa, na huyu mwingine amelazwa juu ya blanketi kama hana mwenyewe. Baba anageukia ukuta na anangoja kulishwa.

Muuguzi alituambia bila kuficha: asipoanza kuutumia mkono huo mapema, atazoea kulishwa, na akishazoea ndiyo basi tena. Tukamletea mpira wa kubinya. Ukaviringika chini ya kitanda na uko huko mpaka leo. Tukambembeleza, tukamkaripia, mimi nikalia. Wapi! Akitaka redio ibadilishwe anaguna "Mm!" na sisi tunakimbia.

"Tumemdekeza," Shangazi alisema. "Nataka kitu kinachoimba, kidogo cha kukaa kiganjani, na mimi na wewe hatukigusi. Akitaka kinyamaze, abonyeze mwenyewe. Tutaona nani mkaidi zaidi, yeye au mimi. Tumenyonya ziwa moja."

Dukani muuzaji alikuwa na vya aina mbili. Akaanza na cha bei kubwa: chembamba, kioo kitupu mbele, nyuma laini bila mshono wala tundu.

"Hiki, mama, kinabeba nyimbo elfu tano."

"Elfu tano! Mgonjwa wangu atazimaliza akiwa wapi, akhera?"

Muuzaji akacheka. Shangazi hakucheka. Alichomeka mkono wake wa kulia nyuma ya kiuno, ndani ya mkanda wa aproni, akafumba macho, akanyoosha wa kushoto. "Nipe."

Watu dukani wakageuka. Mimi nikajifanya nasoma bei za feni. Shangazi akapapasa kioo kwa kidole gumba, na kidubwasha kikarukia wimbo mwingine, kikaongeza sauti, kikaanza kumuuliza maswali kwa sauti ya mwanamke. Alipofumbua macho kilikuwa kinataka kumpiga picha.

"Hiki kina kiherehere," akasema. "Nakigusa tu, kinaamua. Lete kile."

Cha pili kilikuwa kama kiberiti, kizito kidogo, na vitufe vitatu vilivyoinuka. Akafumba macho tena. Kidole gumba kikapanda, kikapata kitufe, kikabonyeza. Tak! Muziki ukaanza. Tak! Ukanyamaza. Akarudia hivyo mpaka muuzaji akaanza kutazama saa. Kisha akaja na maswali yake. Kikianguka? Kikimwagikiwa supu? Sauti inatokea wapi, na mbona tundu lenyewe ni dogo kuliko la sindano? Wimbo usipopigwa, unakaa wapi humo ndani? Kwa hilo la mwisho muuzaji alijikuna kichwa. Akasema unakaa kwenye kumbukumbu. Shangazi akamwangalia, akaona amesema kweli lakini hajasema kitu.

Halafu akakigeuza. Mgongoni kulikuwa na kifuniko kilichoshikwa na skrubu nne ndogo ndogo. Akakitikisa sikioni. Kikalia kidogo.

"Sikufichi, mama," muuzaji akasema. "Hivi skrubu zake hulegea. Ndiyo maana bei yake iko hivyo."

Rahisi ghali, nikawaza, na nikajua Shangazi anawaza hivyo hivyo. Alisimama na vyote viwili, kimoja kila kiganja. Nilimwona akivuta kifuniko kwa ukucha kama anavyovuta vifungo vya wateja. Mtu aliyewahi kurudisha ndoo nzima kwa sababu ya mpini uliolegea! Lakini vitufe vilimkubali. "Chenye kioo kitamshinda, naye anatafuta kisingizio tu," akasema hatimaye. "Funga hiki kibovu."

Nyumbani nikaingiza nyimbo. Shangazi akagandisha kifundo cha uzi mwekundu juu ya kitufe cha katikati. Ndivyo anavyotia alama nguo za wateja, kifundo ndani ya kola. Kisha akaniagiza nitangulize wimbo mmoja na niuache ujirudie. Ulikuwa ule wa tangazo la dawa ya mbu, ambao Baba akiusikia redioni alikuwa anatoka nje.

"Shangazi, huo si ukatili?"

"Ndiyo. Weka."

Tukamwekea kidubwasha kwenye sinia miguuni pake, upande wa kushoto, karibu na sahani ya chungwa na kisu chake kidogo. Shangazi akabonyeza. "Kaka, kelele hizi zikikuchosha, kitufe ni hicho chenye uzi. Hapa haji mtu." Tukatoka na kurudi mezani kwetu, chumba cha pili.

Mbu wakaimbwa. Wakaimbwa tena. "Mm!" Baba akaita. Mimi nikainuka, Shangazi akanishika aproni. "Mm! Mm!" Pasi yake ilikuwa juu ya kola ya shati jeupe na haikuwa inakwenda popote. "Piga pasi," akaniambia kwa sauti ndogo, "usiniangalie."

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Amebonyeza!" nikanong'ona. Tukashikana mikono kama wasichana wa shule, tukatega sikio tungoje achague wimbo mwingine. Haukuja. Tukangoja. Kimya kikazidi kurefuka, mpaka Shangazi uso ukambadilika. "Au ameanguka?" Tukakimbia.

Hakuwa ameanguka. Baba alikuwa amejikokota akaketi, sinia mapajani. Mkono wake wa kulia, ule uliokufa, alikuwa ameubeba na kuuweka juu ya kidubwasha ili kisiteleze. Na katika ule wa kushoto alishika kisu cha chungwa kwa vidole vitatu, hasa kama alivyokuwa akishika bisibisi. Kifuniko kilikuwa pembeni. Betri ilikuwa pembeni. Skrubu nne zilikuwa ukingoni mwa sahani, zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Mimi nilidhani zote ni sawa.

"Kaka!" Shangazi akaanza. "Kifaa kipya, hata siku moja..."

Baba akainua kichwa. Alikuwa amekasirika, lakini si kwa ajili yetu.

"Hakina..." Ulimi ukakwama, akaurudisha. "Hakina gurudumu."

Ndilo neno refu la kwanza tulilolisikia kutoka kwake tangu augue. Shangazi akavuta kiti, akaketi.

"Hata moja?" akauliza.

"Hata moja."

Wakainamisha vichwa vyao viwili vyenye mvi juu ya kile kibao cha kijani kilichokuwa ndani, huyu akionyesha kwa ncha ya kisu, yule akiuliza, na wote wawili hawajui. Mimi nililia, sioni aibu kusema. Harufu ya kuungua ndiyo iliyotukumbusha pasi, na mwenye kola ile hajatusamehe mpaka sasa.

Jioni nilipomletea supu, Baba alikitazama kijiko mkononi mwangu, akakinyang'anya. Nusu iliingia mdomoni. Nusu ilimwagika kifuani.

Asubuhi nikalikuta shati lake limetundikwa peke yake dirishani, kavu, madoa ya supu kuanzia kola hadi tumboni.

"Shangazi, hili limesahaulika."

"Liache."

"Lakini lina madoa."

"Mtoto, mimi ni dobi, nayaona." Alikuwa anafunga kilemba. "Chukua kikapu twende kwa yule muuzaji. Na safari hii sitafuti vitufe. Nataka chenye skrubu nyingi."