Leo nimefuta jina ya Papa Bahati mu rezo

Leo nimefuta jina ya muntu wenye tulizika mwezi uliopita.

Papa Bahati njo alikuwa anatengeneza mashini, zile kompyuta za biro yetu hapa Walikale. Ya kwake aliipa jina papa-bahati, na imprimante, ile ya kutoa karatasi za biro yote, imeungwa ku ile mashini yake.

Mu kila mashini kuko programu ndogo yenye hatuonake. Ukituma karatasi ku imprimante, inauliza mu rezo, ile njia yenye inaunganisha mashini zote: papa-bahati iko wapi? Mashini yake inajibu: niko hapa.

Asubui chefu alinipa ile mashini ya Papa Bahati. Nikaondoa jina yake, nikatia yangu. Nilizani ni usafi tu.

Saa ine, Mama Bahati, mujane wake, akafika na kitenge nyeusi, kuchukua attestation, karatasi ya kushuhudia kazi ya bwana yake. Dada Furaha, sekretere wetu, akaituma ku imprimante. Hakuna kitu ilitoka. Wengine nao wakajaribu, ni vilevile.

Mashini zote za biro zilikuwa zinamuita, na hakuna wa kujibu. Mimi njo nilikuwa nimemunyamazisha.

Nikarudisha jina. Karatasi ikatoka. Mama Bahati akasoma ku ekra, kioo ya mashini ya Furaha: papa-bahati, tayari.

"Anajibu?" akauliza.

"Ni mashini tu, Mama," nikamuambia.

Akakunja karatasi polepole.

"Basi usimufute tena."

Sijue ninyi mungefanya nini. Mimi, jina yangu nimeiandika ku kakaratasi, nikaibandika pembeni ya ekra ya ile mashini; ndani imebaki papa-bahati.