Tela la Shingo na Kitanda cha Mninga

Miaka ile ya Mwingereza, kabla ya vita vya pili, nilikuwa na duka la nguo Kariakoo. Kila baada ya mavuno nilifunga duka, nikapakia majora kwenye lori, nikaenda kuuza bara, gulio hadi gulio. Nililala juu ya majora hayo hayo. Wako watu Kilosa waliovaa kaniki niliyoilalia wiki mbili, na hawajui mpaka leo.

Mwaka mmoja mke wangu akasema habaki tena.

"Miezi mitatu nazungumza na kuku uani. Ama twende wote, ama usiende."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha, maana mfanyabiashara haonyeshi furaha kabla hajasikia bei. Naye bei yake akaitaja: hatalala juu ya majora, hatalala chini. Atalala kwenye kitanda chake cha mninga alichochongewa na baba yake, urefu wake mikono minne kamili, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, mara nne.

"Kikiingia, nami naingia. Kisipoingia nabaki nacho, na wewe unabaki nasi."

Basi nikaenda mtaa wa Gerezani kutafuta tela la kulala. Fundi mmoja wa magari, Singasinga mwenye kilemba cha buluu na mikono ya grisi, alikuwa na mawili uani kwake. La kwanza lilikuwa la ndoano, unalifunga nyuma ya lori na kulikokota kama mbuzi. Bei yake ilinipendeza. Nikalisukuma kidogo kwa bega, likayumba mpaka vioo vikalia.

"Ndoano ikikatika njiani?" nikauliza.

"Lori litafika salama, bwana."

"Na tela?"

"Tela litafika kesho."

La pili lilikuwa na shingo. Sehemu yake ya mbele ilinyanyuka ikapanda juu ya mgongo wa lori, ikakalia sahani nene ya chuma iliyopakwa grisi, ili lori likikata kona tela lilifuate bila ubishi. Fundi akaipiga ile sahani kofi la mapenzi. "Hili tunaliita gurudumu la tano."

Nikazunguka nikahesabu. Lori manne, tela mawili. Nikazunguka tena. "Nimepata sita. La tano lipi?"

"Hili hili. Halizunguki njiani, linazungusha tela."

"Gurudumu lisilogusa ardhi mimi silipii bei ya gurudumu."

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza, yakaenda mpaka adhuhuri. Niliondoka mara mbili. Mara ya kwanza aliniita nikiwa mlangoni. Mara ya pili nikafika kona, hakuniita, ikabidi nirudi mwenyewe na kusema nimesahau kofia. Kofia ilikuwa kichwani. Fundi alikuwa mtu mzima, akaitazama akaendelea kufuta mikono, ila bei nayo haikushuka tena.

Kabla ya kutoa arbuni nilipima chumba cha kulala, kile kilichokaa juu ya shingo, kutoka ukuta wa mbele mpaka ukuta wa nyuma. Mikono minne na shubiri moja. Nikapima mara ya pili, kwa sababu mimi sipimi mara moja. Minne na shubiri. Nikatoa arbuni.

Asubuhi yake mahamali wawili wakakibeba kitanda kutoka nyumbani, mke wangu nyuma yao ndani ya buibui, mimi nyuma yake. Mtaa mzima ukatoka barazani.

"Tajiri, mnahama au mnaachana?"

"Kitanda kinakwenda kuoga baharini!"

Mke wangu akawajibu bila kugeuka, "Kinakwenda bara. Mwenye wivu naye akibebe chake."

Gerezani mahamali wakakiingiza kwa mlango mpana wa nyuma, wakakipandisha kwenye shingo, wakasukuma. Kikagoma. Wakakirudisha, wakasukuma tena. Vidole vinne vya kitanda vilibaki nje ya mlango wa chumba.

"Kimevimba," nikasema. "Mbao hufanya hivyo, joto hili."

"Kimevimba usiku mmoja?" Mke wangu akanisogelea. "Pima chumba, nikuone."

Nikapima. Minne na shubiri, mara mbili, mbele ya mashahidi.

"Vidole vyako," akasema.

"Vina nini?"

"Vimeinama. Kiwiko nacho umekivuta. Huo ni mkono wa kuuzia, bwana. Umejipunja mwenyewe!"

Nikautazama mkono wangu. Ni kweli, ncha za vidole zilikuwa zimejikunja kwa adabu, kama zinavyojikunja kila siku juu ya kitambaa cha marekani cha mteja. Ninao mkono mwingine, wa kununulia, ule unanyooka mpaka kucha. Lakini miaka ishirini dukani, kila nikipima mbele ya watu, huja wa kuuzia wenyewe bila kuagizwa. Na kupima mara mbili hakukusaidia kitu, maana nilijipunja mara mbili kwa usawa.

Fundi alicheka akashika kilemba kisidondoke. Alipopata pumzi akasema, "Arbuni hairudi."

Nilikuwa naiona miezi mitatu ya dukani, au miezi mitatu peke yangu juu ya majora na mke aliyenuna huku nyuma, na sijui ipi ilikuwa mbaya zaidi. Mke wangu alisimama akitazama kuta za chumba.

"Upana wake kiasi gani?" akauliza.

Nguo huuzwa kwa urefu. Upana unatoka nao kiwandani, hakuna anayeuuliza. Sikuwa nimeupima hata mara moja.

Akakunja buibui, akapanda. Ana mkono mrefu wa upande wa baba yake, na aliunyoosha kama rula. "Minne na vidole viwili. Kizungusheni, kikae kwa upana."

Kikakaa. Mahamali wakapiga vigelegele kama wanawake.

"Mama," fundi akasema, "ungekuja wewe jana, leo ningekuwa nalia."

"Hujachelewa, fundi. Atakayelala ukutani atavumiliaje joto bila dirisha? Toboa dirisha hapa, kwa bei hiyo hiyo."

Fundi akanitazama kuomba msaada. Nikaitazama dari.

"Basi unakuja?" nikamuuliza mke wangu.

"Nakuja. Ila huko magulioni wewe utaita wateja, na kupima nitapima mimi."

Nikafikiria hasara ya mkono wake mrefu kwa kila jora, nikaifikiria tena. Kisha nikashuka kuwauliza mahamali kama wana nafasi ya kwenda kuleta godoro.