Kidonge Hakina Karibu

Kama kuna mwanamke wa Kindu aliyekuwa na haki ya kupiga kelele mwaka ule, ni Mwavita. Vidonge vya tansio, yaani presha ya kupanda, alivyopewa mumewe hospitali, thelathini kwa siku thelathini, vilikwisha siku ya kumi na moja. Na mumewe, Kitenge, alikuwa amemeza vitatu tu.

"Zingine ziko wapi, Baba Sumaili?"

"Tulikula na wenzangu."

Tulikula! Utadhani anazungumzia samaki. Kitenge alikuwa mtu wa freni, yaani breki, kwenye reli tangu ujana: treni ikiteremka anakaza freni ya behewa kwa mikono, ikifika tambarare analegeza. Bibi yake alimlea akimwambia kwamba anayetia kitu kinywani mbele ya watu bila kusema karibu ni mnyama. Basi pale stesheni, alipotoa kidonge, alisema karibu. Okito, mwenzake wa behewa moja, alikuwa anaumwa kichwa, akapokea. Mwingine akaleta mgongo wake. Siku ya tatu walijipanga mstari.

Kitenge hakuona hasara. Kichwa hakimuumi, moyo unamdunda kwa kishindo, na Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, anawashinda vijana kwa jembe.

"Moyo ya nguvu hivi inagonjwa nini?" aliuliza, na Mwavita alitamani kumrushia mwiko.

Halafu akaanza kushindwa kulala chali. Baada ya chakula cha mchana alijinyoosha, na kabla usingizi haujamchukua aliinuka akihema, akakaa ukingoni mwa kitanda ameshika magoti. Kilima cha kutoka mtoni kilimsimamisha mara mbili. Mwavita akamburuta hospitali.

Muganga Musau, daktari wa pale, alimsikiliza kifua mara tatu, mbele na mgongoni.

"Moyo yako inakaza muzuri sana, baba. Kulegea njo inashindwa. Miaka mingi inasukuma damu yenye kupanda, nyama yake imekomaa, imekuwa ngumu. Haifunguke vizuri kwa kupokea damu. Damu inarudi ku mapafu, na weye unakosa pumuzi."

Kitenge alikunja ngumi kama anayekaza freni.

"Freni yenye kushika bila kuachia," akasema. "Ile inaunguzaka gurudumu."

"Njo vile, baba," Musau alikubali.

Mwavita aliuliza kama moyo utalegea tena. Musau hakumdanganya. Kilichokwisha kukomaa hakirudi chote kuwa laini, lakini kidonge kimoja kila siku, bila kuruka, na chumvi kidogo, vitauzuia usizidi kukaza. Ila vidonge hospitali havikuwepo. Vingine vingekuja kwa barabara ya Lubutu, na kwa mvua za msimu ule, si kabla ya wiki mbili.

Mwavita alilia kwa hasira njia nzima. Ukarimu gani huu wa kumzika mtu?

Kesho yake alasiri watu wa stesheni, habari zimewafikia, walikuja, kofia mikononi. Okito alifungua kipande cha gazeti: vidonge vinne.

"Nilikuwa naziweka ya siku mubaya, mama."

Mwingine alitoa viwili mfukoni mwa kaptula, vimeshika vumbi la tumbaku. Wengine walitoa kimoja kimoja; wengine walikuwa wamekwisha kumeza kwa homa, kwa mgongo, hata kwa meno. Vilivyorudi vilikuwa kumi na viwili. Mwavita alitaka kuwatukana wote, na alitaka kuwapikia wote. Siku mbili zilizobaki kutimia wiki mbili alimwachia Mungu.

Akaleta maji. Kitenge alichukua kidonge kiganjani, akawatazama wenzake, na kinywa chake kikafunguka chenyewe kwa lile neno la miaka hamsini. Kisha akafunga kinywa.

Akageukia ukuta, akawapa mgongo, akameza peke yake kama mwizi wa chakula. Alipogeuka macho yake yalikuwa na machozi.

"Munisamehe," akawaambia.